Nani aliyeandika namba zile? Maafisa wa ofisini na kuhamishwa kwa Wajapani wa Marekani, 1942

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Iringa, huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Majuzi niliona picha ya mwaka 1942 ya familia ya Wajapani wa Marekani wamesimama wakisubiri basi la kuwapeleka kizuizini. Hata watoto wadogo wamefungwa vikaratasi vya namba kwenye makoti, kama mizigo. Nikiuliza nani alifanya hivyo, naambiwa Rais Roosevelt. Lakini Rais hakuandika vile vikaratasi. Aliyeandika ni mtu kama mimi. Je, watumishi wa ofisini walichangia nini hasa, na wana lawama au walikuwa wanatekeleza tu?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na hicho kikaratasi, maana umekitazama kwa jicho la masijala.

Kila eneo lilipofikiwa zamu yake, askari walibandika matangazo kwenye nguzo za simu na kwenye kuta za maduka. Mkuu wa kaya alitakiwa kufika kituo cha kujiandikisha katika siku mbili zilizotajwa, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Huko alikuta meza, fomu na karani. Akitoka alikuwa na namba ya familia, na vibandiko vya kufunga: kimoja kwa kila mtu, na kimoja kwa kila mzigo. Tangazo lilitaja vitu vya kubeba: matandiko lakini si godoro, vifaa vya kuogea, nguo za kubadilisha, na kwa kila mtu kisu, uma, kijiko, sahani, bakuli na kikombe. Mnyama wa nyumbani haruhusiwi. Zaidi ya ambacho familia inaweza kubeba kwa mikono yake, kiachwe.

Sasa soma kichwa cha tangazo lile. Linawaambia watu wote wenye asili ya Japani, "wageni na wasio wageni". Jiulize huyo asiye mgeni ni nani. Ni raia. Takriban theluthi mbili ya watu wapatao 120,000 waliofungiwa walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, na wazazi wao walibaki wageni kwa sababu sheria iliwakataza Wajapani kuomba uraia. Kuna mtu alikaa mezani, akalifikia neno "raia", akaona litamsumbua, akalikwepa. Mimi nimefundisha historia ya utawala miaka mingi, na bado neno hilo ndilo ninaloanzia darasani, kwa sababu halikutoka kwenye mdomo wa mtu mwenye hasira barabarani. Lilitoka kwenye rasimu.

Roosevelt alitia sahihi Amri ya Rais namba 9066 tarehe 19 Februari 1942, miezi miwili na kidogo baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii. Ukiisoma yote hutaliona neno "Mjapani". Inampa Waziri wa Vita na makamanda wake mamlaka ya kutenga maeneo ya kijeshi na kuwaondoa humo "watu wowote au wote". Basi. Nani aondolewe, kwa njia gani, apelekwe wapi, mali yake ishikwe na nani, vyote viliachwa wazi. Kila nafasi wazi katika amri ile ilijazwa na mtumishi fulani.

Aliyejaza nyingi kuliko wengine alikuwa Karl Bendetsen, mwanasheria wa miaka 34 kutoka Aberdeen, mji mdogo wa jimbo la Washington. Alikuwa meja kwenye ofisi ya Jenerali Allen Gullion, mkuu wa polisi wa jeshi, akishughulikia masuala ya wageni. Kamanda wa pwani ya magharibi, Jenerali John DeWitt, hapo mwanzo hakuwa na wazo la kuhamisha raia. Tarehe 26 Desemba 1941 alimwambia Gullion kwenye simu kwamba raia wa Marekani, hata iweje, ni raia wa Marekani. Mazungumzo hayo yalinakiliwa na yapo. Ndipo Bendetsen akaanza safari za San Francisco, na madokezo yakaanza kwenda na kurudi. Kufikia tarehe 14 Februari DeWitt alikuwa ametia sahihi pendekezo la kuwaondoa wote, andiko ambalo wanahistoria wanamtaja Bendetsen kuwa ndiye mwandishi wake. Ndani yake kuna hoja ambayo sijapata kuona mfano wake: kwamba kutotokea hujuma yoyote mpaka siku ile ni dalili ya kutia wasiwasi kuwa hujuma itatokea.

Hebu irudie polepole. Ukifanya kosa, una hatia. Usipofanya, una hatia zaidi, maana unangoja wakati wako. Hoja ya namna hiyo ikitamkwa kijiweni watu watacheka. Ikichapwa vizuri, ikapewa namba za aya na sahihi ya jenerali, inapanda ngazi hadi Washington bila kuulizwa.

Mwezi huohuo Bendetsen alipanda kutoka meja hadi kanali. Mwezi Machi akapewa kuongoza chombo kizima cha uhamishaji, ofisi zikiwa katika hoteli moja ya San Francisco. Katika kitabu cha wasifu wa watu mashuhuri miaka ile, alijisifu kuwa ndiye aliyebuni mbinu, akapanga na kuongoza uhamishaji wa watu 120,000. Tume ya Bunge ilipomwita mwaka 1981, nchi ikiwa imeanza kuona aibu, alijieleza kana kwamba mchango wake ulikuwa mdogo kabisa. Cheo kilipokuwa na faida alikuwa mbunifu. Kilipogeuka mzigo akawa mtekelezaji. Hilo "kutekeleza tu" ulilouliza, wengi hulikumbuka baadaye.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ilikuwepo, na watu waliiona. Luteni kamanda Kenneth Ringle wa upelelezi wa jeshi la majini, aliyejua Kijapani, aliandika kwamba tatizo limekuzwa na kwamba watu wapimwe mmoja mmoja. J. Edgar Hoover, mkuu wa idara ya upelelezi ya FBI, ambaye hakuwa mpole kwa mtu, alisema madai ya kuwahamisha wote yanasukumwa na siasa na kelele za watu kuliko ushahidi. Mwanasheria Mkuu Francis Biddle alipinga, na wasaidizi wake James Rowe na Edward Ennis wakapinga kwa nguvu zaidi.

Usiku wa tarehe 17 Februari walikutana sebuleni kwa Biddle. Rowe na Ennis walikuja wamejiandaa kwa mjadala wa katiba. Katikati ya mazungumzo Gullion akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi na kuanza kuisoma: rasimu ya amri ya Rais. Biddle alikuwa amekwisha kukubali bila kuwaambia. Inasimuliwa kuwa Ennis nusura alie. Kesho yake walikaa kurekebisha maneno, na siku iliyofuata amri ikatiwa sahihi. Hakuna aliyejiuzulu.

Nikirudi kwenye fani yako, dada, lipo jambo la takwimu. Sheria ya sensa ilikataza kutoa majina ya watu. Lakini kuhamisha umma wa watu hakuhitaji majina, kunahitaji idadi kwa mtaa. Mwishoni mwa Februari idara ya sensa ilimtuma mtakwimu wake, Calvert Dedrick, kwenda San Francisco, na kadi zilizotobolewa za sensa ya 1940 zikachambuliwa kuonyesha mtaa kwa mtaa Wajapani wako wangapi. Kwa hesabu hizo pwani nzima ikakatwa vipande 108, kila kimoja kikiwa na watu kama elfu moja, kiasi kinachoweza kuandikishwa na kusafirishwa kwa mkupuo. Kila kipande kikapata amri yake yenye namba. Ya kwanza iliangukia kisiwa cha Bainbridge, karibu na Seattle, na watu wake wakaondoka tarehe 30 Machi. Idara ile kwa miongo mingi ilishikilia kwamba haikuvunja sheria, na kwa habari ya uhamishaji huenda herufi ya sheria kweli haikuvunjwa. Mwaka 2000 mkurugenzi wake, Kenneth Prewitt, aliomba radhi hata hivyo. Mwaka 2007 watafiti William Seltzer na Margo Anderson wakaonyesha kuwa mwaka 1943, baada ya sheria ya vita kulegeza siri ya sensa, majina na anwani za Wajapani wa eneo la mji wa Washington vilitolewa pia.

Dedrick hakuonyesha chuki popote ninapojua. Alikuwa mtakwimu hodari aliyepewa tatizo gumu akalitatua vizuri. Kwangu mimi yeye anatisha kuliko wapiga kelele wa magazetini, kwa sababu bila hesabu zake kelele zile zingebaki kelele.

Wahamishwa walipelekwa kwanza kwenye viwanja vya mbio za farasi na vya maonyesho. Santa Anita, karibu na Los Angeles, ulichukua zaidi ya watu 18,000, wengine wakilala katika mabanda ya farasi yaliyopakwa chokaa harakaharaka, harufu ikiwa bado imo. Ofisi ziliviita "vituo vya kukusanyikia". Baadaye wakasambazwa kwenye kambi kumi za jangwani na mabwawani, zenye ua wa seng'enge na walinzi wenye bunduki, nazo zikaitwa "vituo vya makazi mapya". Tusizifananishe na Auschwitz, kambi ya Wanazi. Hazikuwa kambi za mauaji, na anayezilinganisha huwapa watetezi wake njia rahisi ya kuponyoka. Zilikuwa kambi za kufungia watu wasio na kosa, na hilo linatosha.

Kambi zilikabidhiwa mamlaka ya kiraia. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Milton Eisenhower, ofisa wa kilimo, mdogo wake yule jenerali aliyekuja kuwa Rais. Alidhani watu watapelekwa majimbo ya ndani wakalime na kuishi huru. Tarehe 7 Aprili alikutana na magavana huko Salt Lake City; karibu wote wakakataa katakata kuwapokea bila ulinzi wa silaha, isipokuwa Ralph Carr wa Colorado. Wiki moja kabla alikuwa amekwisha kumwandikia bosi wake wa zamani kwamba vita vikiisha Wamarekani watajutia dhuluma ambayo ingeweza kuepukwa. Halafu akaendelea kujenga kambi. Mwezi Juni aliondoka, na mrithi wake Dillon Myer alipomwomba ushauri, alimjibu kuwa aichukue kazi ile kama ataweza kuifanya na kupata usingizi.

Myer aliupata. Usidhani alikuwa mkatili. Aligombana na magazeti yaliyowatukana Wajapani, akafungua mlango kwa wanafunzi na wafanyakazi kutoka kambini, na alijiona mlinzi wao. Lakini alitaka watoke wametawanyika, wasirudi kuishi pamoja, kana kwamba kosa lilikuwa ujirani wao. Mwaka 1950 alipewa idara ya Wahindi Wekundu, akasukuma sera ya kuvunja makabila na kuwapeleka watu mijini. Hii ndiyo sura ya mtendaji ninayokutana nayo mara nyingi majaladani: mwenye nia njema, anayewajua watu wake kuliko wao wanavyojijua.

Mwaka 1943 likaja dodoso la utiifu. Swali la 28 liliwataka wote waape utii kwa Marekani na kumkana Mfalme wa Japani. Mzee aliyekatazwa uraia wa Marekani maisha yake yote anajibu nini? Akisema ndiyo, hana nchi. Kijana aliyezaliwa California je? Akisema anamkana, amekiri alikuwa akimtii. Fomu ya wasio wa umri wa jeshi ilipewa kichwa "ombi la kibali cha kuondoka", na kuna wazee walioogopa kuwa wakijaza watafukuzwa hata kambini, wasijue pa kwenda. Maneno ya swali yalirekebishwa baadaye kwa wazee, lakini maelfu ya familia walikuwa wamekwisha kugawanyika, na walioandika "hapana" wakapelekwa kambi ya Tule Lake. Huko Washington, ofisi zilikuwa zikipima majibu hayo pamoja na dini ya mtu, safari zake na kujua kwake Kijapani, ili kutoa uamuzi wa nani mwaminifu. Uaminifu kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Sasa yule aliyechapa. Hapa jibu litakushangaza kidogo. Ndani ya kambi, wachapaji na makarani wengi walikuwa wafungwa wenyewe, wakilipwa dola 12, 16 au 19 kwa mwezi kulingana na ujuzi. Orodha nyingi za wafungwa zilichapwa na vidole vya wafungwa. Kwa hiyo ukimtafuta mwenye lawama kwa kufuata mkono ulioshika kalamu, utaishia kumlaumu aliyeonewa. Mimi nafuata rasimu. Nauliza: karatasi hii ilipofika mezani, nani alikuwa na uwezo wa kuandika kitu kingine?

Na uwezo huo haukuwa wa kufikirika. Hawaii ndiko kulikoshambuliwa, na zaidi ya theluthi ya wakazi wake walikuwa wa asili ya Japani. Washington ilishinikiza waondolewe kwa wingi. Kamanda wa huko, Jenerali Delos Emmons, hakugoma wala hakuhutubia mtu. Alijibu kila barua kwa adabu: meli hazitoshi, vifaa vya ujenzi havipo, mafundi seremala karibu wote ni Wajapani, tutaanza na wachache. Unaijua mbinu hiyo, dada yangu, ofisini kwetu tunaita kulikalia faili. Aliyakalia maagizo mpaka yakachakaa. Visiwani walifungiwa watu kama 2,000 tu, kati ya zaidi ya 150,000. Tabia tunayoilaani kila siku kwenye foleni za huduma iliokoa umati, na Emmons hakupoteza hata nyota moja begani.

Ennis alikuwa na nafasi kama hiyo mwaka 1944, kesi ya Fred Korematsu, kijana raia aliyekataa kuhama akatiwa hatiani, ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Yeye na mwenzake John Burling waligundua kwamba madai ya DeWitt, kama lile la ishara za redio kwenda kwa meli za adui, yalikanushwa na vyombo vya serikali yenyewe. Wakaandika tanbihi ya kuwaonya majaji. Wizara ya Vita ikapiga simu, kiwanda cha uchapaji kikasimamishwa, tanbihi ikalainishwa hadi ikakosa maana. Ennis akatia sahihi. Korematsu akashindwa kwa kura 6 dhidi ya 3. Miaka ya 1980 Ennis alirudi mahakamani, safari hii kutoa ushahidi upande wa waliofungwa. Simwiti shujaa, wala simweki kapu moja na Bendetsen.

La mwisho linahusu masijala moja kwa moja. Mwaka 1943 DeWitt alichapisha ripoti yake ya mwisho. Toleo la kwanza lilikiri kwamba muda wa kuwachunguza watu haukuwa tatizo. Tatizo, kwa mtazamo wake, ni kwamba Mjapani mwaminifu hawezi kutofautishwa na asiye mwaminifu, kondoo kwa mbuzi. Waziri Msaidizi wa Vita, John McCloy, akaona maneno hayo yatawaponza mahakamani, ambako serikali ilikuwa ikidai kuwa muda haukutosha. Ripoti ikaandikwa upya. Nakala za kwanza zikachomwa moto, na ofisa mdogo mmoja akatakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba amezishuhudia zikiteketea tarehe 29 Juni 1943. Hati yake imo jaladani hadi leo. Walichoma ushahidi, kisha wakafungua folio kuonyesha kwamba wamechoma.

Kwetu tunaijua. Kabla ya uhuru wa Kenya, maafisa wa kikoloni walichambua majalada ya Hali ya Hatari, mengine yakachomwa, mengine yakasafirishwa Uingereza kimyakimya. Yaliibuka mwaka 2011 huko Hanslope Park, ghala la serikali nchini Uingereza, baada ya wazee wa Mau Mau kufungua kesi London, na miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Ripoti ya DeWitt nayo ilibakiwa na nakala moja. Aliyeitambua, mwaka 1982, ni Aiko Herzig-Yoshinaga, aliyefungwa kambi ya Manzanar akiwa bado msichana wa sekondari, kisha akaishi maisha ya kazi za ofisini. Alipofikia umri wa makamo alianza kwenda kwenye Kumbukumbu za Taifa huko Washington karibu kila siku, akafungua jalada baada ya jalada na kutunza faharasa yake mwenyewe. Siku moja aliiona juu ya meza ya mtunza kumbukumbu, imejaa marekebisho ya kalamu. Alikuwa amesoma karatasi nyingi kiasi cha kujua papo hapo kuwa hii haikutakiwa kuwepo. Tarehe 10 Novemba 1983 Jaji Marilyn Hall Patel wa San Francisco alifuta hatia ya Korematsu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 64.